Kozi na Vifaranga wa Zambarau

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema, msije mkahangaika kumtafuta mwingine. Humu mna watu watatu na ndege mmoja, na tukipangwa kwa akili, ndege hashiki mkia.

Tulikuwa uwanjani nyuma ya Kituo, saa kumi na moja jioni, tunamrusha Mkiwa kwa mara ya kwanza bila kamba. Daktari Zeyana, mkuu wetu, alishika kioo chake cha mkononi kinachoonyesha kila pigo la moyo wa ndege. Mimi nilivaa glavu ya ngozi, na Mkiwa amekaa juu yake ametulia kama bibi harusi anayengoja kuambiwa ainuke. Mgongo wa hudhurungi, kifua cheupe chenye michirizi, na macho makubwa ambayo sijui kichwa kidogo vile kiliyapatia wapi nafasi. Alikuwa kozi-popo, mwewe mla popo, wa pekee duniani. Wa mwisho kabla yake aliuawa miaka sabini na saba nyuma, katika kisiwa hikihiki cha Chambanga, na Mkiwa mwenyewe alitoka kwenye yai la kioo, katungwa kutokana na kucha moja kavu. Ndiyo maana nikampa jina hilo. Hana mama, hana baba, hana hata shangazi wa kumsema.

"Faki," Daktari akaniambia, "akifika kwenye mivule usimwite. Mwache awaone popo mwenyewe."

"Daktari, huyu hajala tangu jana asubuhi. Akiwaona popo atawasalimia mmoja mmoja."

Nikainua mkono, Mkiwa akaruka.

Mashariki ya Kituo, mgongoni mwa kilima, iko mivule, na popo wakubwa wananing'inia huko kwa mamia kama nguo zilizosahauliwa kambani. Magharibi kiko kijiji. Kozi-popo kaumbwa kwa ajili ya mashariki: mabawa mafupi na mapana ya kupenya matawini, macho ya kuonea wakati jua linazama na popo wanaanza kutoka, makucha marefu ya kumdaka mnyama angani na kumla bila kutua. Kila kitu mwilini mwake kinasema mashariki.

Akaenda magharibi.

"Labda anazunguka," nikasema.

Hakuzunguka. Alikwenda kama mtu aliyetumwa dukani na anaijua bei.

Daktari Zeyana akaacha kutazama kioo, akanitazama mimi. "Kule kuna nini?"

Nilijua kilichokuwa kule. Nilikijua kwa wiki tisa. Lakini ulimi wangu una tabia ya kunitangulia mbio kisha unaniacha peke yangu kwenye matope.

"Kuna kijiji, Daktari," nikasema.

*

Mimi si mkimbiaji. Mguu wangu wa kushoto ulivunjika mahali pawili nilipoanguka juu ya mkarafuu, zamani nilipokuwa mchumaji, na waliouunga walikuwa na haraka ya kwenda kula. Dunia imenipiga mpaka mkono wake ukachoka, nami nimebaki nacheka, maana kicheko ndicho pekee ambacho hakikuvunjika. Basi nikaenda kwa kuchechemea, huku nikisikia kelele za wanawake zinapanda kutoka upande wa ua wa Bi Mize Khatib, na kila hatua nikisema moyoni: Mungu wangu, wasimuue, wasimuue.

Bi Mize ana miaka themanini. Anasuka mikeka, anafuga kuku, na hana meno ya mbele ila hayo hayajamzuia kumng'ata mtu. Nilimkuta amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, katikati ya ua, mkono mmoja juu ya tenga la kuku lililofunikwa kifudifudi na kuwekewa jiwe juu. Majirani wamesimama kandokando ya ukuta. Mmoja wao alikuwa bado kashika mchi wa kutwangia, ameuinamisha chini kwa aibu, kama mtoto aliyekatazwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mgeni wako huyu hapa, kaingia bila hodi."

Nikachungulia kwenye matundu ya tenga. Mkiwa yumo, mzima, mdomo una damu si yake, ananitazama kama mimi ndiye niliyechelewa. Nikaketi mavumbini.

"Bibi, ahsante. Sijui niseme nini."

"Usiseme. Sikiliza kwanza." Akajiweka sawa kwenye mbuzi. "Kashuka hapo, kachukua kifaranga mmoja. Akapanda juu ya paa la jiko akamla, ananitazama. Nami namtazama. Akashuka akachukua wa pili. Huyu jirani yangu akaja na mchi. Mchi unainuka, ndege anautazama unavyoinuka, hasogei. Nikamwambia, weka chini, huyo hajui mchi ni nini. Nikachukua tenga nikamfunika, kama ninavyomfunika kuku anayetaka kuatamia."

"Hakupigana nawe?"

"Apigane nami kwa lipi? Alinitazama kama aliyekuwa ananingoja nimkaribishe."

Wanawake wakacheka, na yule wa mchi akaona heri kwenda kuurudisha kinuni. Bi Mize hakucheka. Akanielekezea kidole upande wa banda.

"Sasa, ewe Faki, nieleze. Nafuga kuku tangu nina miaka saba. Vifaranga twawapaka rangi ya mikeka, ile inayobaki chunguni, ili mwewe asiwajue. Mama alipaka, bibi yangu alipaka. Mwewe akimwona kifaranga wa zambarau hupita zake, adhani ni kitu cha dukani. Pale palikuwa na weupe watano ambao sijawapaka, wametoka juzi. Ndege wako kawapita, karibu awakanyage. Kachukua zambarau, kala. Kachukua tena zambarau. Nani kamfundisha?"

Hapo palikuwa na milango miwili. Wa kwanza ni kusema sijui. Nilishaupita mara nyingi maishani, na kila mara nimekuta nyuma yake fimbo.

"Ni mimi," nikasema.

Nikamweleza. Kivuko cha Bara kilipokwama wiki tatu kwa dhoruba, vifaranga weupe wa Kituo waliisha, na Mkiwa alikuwa na umri wa kula kila saa. Nikaja kijijini nikanunua vifaranga kwa akina mama. Wote wamepakwa. Nikasema rangi si sumu, mbona watoto wetu wanawashika na kujilamba vidole. Nikamlisha. Kivuko kiliporudi na vifaranga weupe, Mkiwa aliwatazama kama mtu aliyeletewa sahani tupu. Siku ya kwanza hakula, siku ya pili hakula.

"Ukafanya nini?"

"Nikachukua rangi, nikawapaka mwenyewe."

"Wewe."

"Kila asubuhi, bibi. Kwenye ndoo. Wiki tisa. Na kwenye taarifa nikaandika: ndege anakula vizuri."

Bi Mize alinikodolea macho. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akashika ubavu, akacheka mpaka jiwe juu ya tenga likayumba na ikabidi niliwahi. Wanawake nao wakaangua. Nami nikacheka, maana mtu akichekwa na ua mzima akanuna, huo ndio ujinga hasa.

"Miaka yote twampaka kifaranga rangi ili mwewe asimwone," akasema akijifuta machozi kwa ncha ya kanga, "na wewe umemfuga mwewe anayetafuta rangi."

Akaweka kiganja juu ya matundu ya tenga, na Mkiwa akakigusa kwa mdomo, taratibu, bila kukidonoa.

"Watamfanya nini?"

"Sijui, bibi." Safari hii ilikuwa kweli, lakini si kweli yote. "Nadhani watampiga sindano."

*

Daktari Zeyana hakunifokea. Afadhali angefoka. Alisoma taarifa zangu za wiki tisa, moja baada ya moja, mbele yangu, kila mahali nilipoandika ndege anakula vizuri, kisha akavua miwani.

"Kozi-popo mdogo," akasema, "humfuata mama yake mwaka mzima. Anajifunza popo anatoka saa ngapi, anapindia wapi, anadakwa upande gani. Mkiwa hana mama. Wewe ndiye ulikuwa mama yake, Faki. Ukamfundisha ndoo."

"Nimekosa, Daktari."

"Najua umekosa. Kamati ya Bara imeshaona picha za droni. Ndege kavamia makazi ya watu siku ya kwanza. Wamenipa mambo mawili nichague kabla ya kesho magharibi. Akae kizimbani mpaka afe, au apigwe sindano ya woga. Na nitakachomfanyia Mkiwa ndicho watakachofanyiwa wengine." Akaelekeza kidevu kwenye kabati la ukutani, ambako mayai sita ya kioo yalikuwa yamekaa kwenye mwanga wa joto, kila moja na kivuli kidogo kinachotikisika ndani. Yalikuwa yamebakiza mwezi mmoja yapasuke.

Sindano ya woga naijua. Wakati wa baba zangu, mtu akitaka kujifunza jambo, jambo lenyewe lilimfundisha. Siku hizi kumbukumbu inatiwa kwenye sindano. Hospitali wanayo ya walevi: ukinusa pombe, mwili unakumbuka umezama majini ingawa hujawahi kuzama. Magereza wanayo ya wezi. Na ushirika wa wachumaji karafuu ulikuwa nayo ya walioanguka, ili wasipande tena wakaanguka mara ya pili.

Nilipigwa nikiwa bado kitandani, mguu umening'inizwa kwa kamba. Sikuulizwa. Toka siku ile nikipanda kiti kubadilisha taa, mikono inalowa, masikio yanavuma, na naiona ardhi inanijia. Kuanguka kwangu kwenyewe nilikuwa nimeshakusamehe. Kuna siku nilikuwa nakusimulia kama kichekesho. Woga huu si wa kuanguka kwangu. Ni wa mtu mwingine, au wa mashine, sijui. Nimeazimwa na hakuna wa kumrudishia.

"Daktari," nikasema, "akitiwa woga wa watu, ataishi wapi? Kisiwa hiki ukisimama katikati ukipiga chafya, wa pwani zote mbili wanakuambia afya. Tupo watu mia tisa. Hakuna mti usioonwa na mtu. Kila atakapotua atakuwa anakimbia."

"Atakuwa anaishi."

Hilo ndilo baya la Daktari Zeyana: hasemi neno la kijinga ukalidaka.

"Unajua walivyokwisha?" akaendelea, sauti yake imeshuka. "Yai moja kila miaka miwili, ndani ya shimo la mvule. Mivule ikapungua, popo wakahama, lakini bado walikuwapo jozi kumi na kitu. Hawakufa kwa njaa. Walifuatwa shimoni kwa moshi, na hawakuruka. Kisiwa hakikuwahi kuwa na chui wala paka mwitu wala nyoka mkubwa. Hakuna kilichowahi kuwafundisha kwamba kinachokuja kwa miguu kinaweza kuua. Walimtazama mtu anakuja, wakamngoja. Sasa niwaache sita hawa watoke na moyo uleule?"

Nje, Mkiwa alilia kizimbani mwake, mlio mwembamba kama mlango wa kabati. Alikuwa akiniita nije na ndoo.

*

Usiku ule nilimpelekea Bi Mize habari zote. Asubuhi alikuja Kituoni kwa miguu, na fimbo, na chungu cha rangi kichwani.

"Mpaka magharibi kuna saa ngapi?" akauliza hata kabla ya salamu kukamilika.

"Nyingi, bibi," nikasema.

"Basi mtoto aliyezoea zambarau mpelekeeni zambarau kule mnakotaka aende. Mtu ukitaka kuku walale bandani hutoi hotuba, watia mtama mlangoni."

Nilimtazama Daktari. Daktari alikitazama chungu. Niliona jinsi alivyotaka kusema hapana na jinsi ambavyo hapana yenyewe haikupatikana.

"Tujaribu," akasema. "Lakini uamuzi wa sindano uko palepale. Kuwinda popo ni jambo moja, kutoogopa watu ni jingine."

Mchana tulichovya vifaranga waliogandishwa, kumi na wawili. Droni isingeweza kuwatundika. Popo wangesikia mlio wake wakahama mti. Ikabidi watundikwe kwa upembo, ule mti mrefu wenye kulabu tuliokuwa tukivutia matawi ya mikarafuu, na mwenye mkono wa upembo pale alikuwa mmoja. Matawi ya chini ya mvule yako juu. Ikaletwa ngazi.

Ngazi ile ilikuwa na vipandio vinane. Nilipanda cha kwanza, nikamtania Bi Mize aliyekuwa ameishika chini kwa mikono miwili.

"Bibi, nikianguka nidake."

"Nitakukwepa. Panda."

Nikapanda cha pili. Jasho likaanza nyuma ya masikio. Cha tatu ardhi ikajitikisa, ikaanza kuja, na mikono yangu ikashika ngazi kwa namna ambayo mimi mwenyewe nisingeweza kuibandua. Nilitaka kusema neno la kuchekesha. Meno yalikuwa yanagongana, neno likashindwa kupita. Vipandio vitatu, mtoto anayejifunza kutembea hupanda zaidi ya hapo akiwa mgongoni mwa dada yake.

Daktari Zeyana alikuwa karibu, na kioo chake mkononi. Nikamwona anakielekeza kwangu, labda kwa mazoea tu, na akasoma pigo la moyo wangu. Akakishusha.

"Teremka, Faki," akasema. "Nitapanda mimi."

"Upembo hujui kuushika, Daktari."

"Utaniambia."

Basi akavua viatu, mkuu wa Kituo, akapanda vipandio vyote vinane, nami chini nimekaa nimeegemea gogo nikimwelekeza: geuza kulabu, vuta taratibu, usiwaamshe wenye nyumba. Alitundika vifaranga wote kumi na wawili. Alipofika juu kabisa aligeuza shingo huku na huku.

"Kutoka huku pwani zote mbili zinaonekana," akasema.

"Najua," nikasema. "Nilikuwa naimba huko juu." Sikuongeza kwamba sindano haichagui. Ilikwenda kuondoa kuanguka ikaondoa na wimbo. Nikijaribu kukumbuka upepo wa kule juu, natapika.

Saa kumi na moja na nusu tukamleta Mkiwa. Nikamwinua.

Alitazama magharibi. Shingo ikageuka upande wa ua wa Bi Mize, na nikaona mwili wake unajikusanya. Lakini kwa Bi Mize siku hiyo hapakuwa na zambarau hata moja. Toka asubuhi wanawake wa kijiji walikuwa wamewaosha vifaranga wao wote kwa sabuni na maji ya vuguvugu, nyumba kwa nyumba, mia na zaidi, wakawaanika juani wamefura kama pamba. Sikuwaomba. Nilikuja kusikia baadaye kwamba yule wa mchi ndiye aliyeanza.

Shingo ikarudi mashariki. Akaiona zambarau.

Aliruka akaingia kwenye mivule kama maji yanavyoingia mchangani. Tukasikia tawi, tukaona rangi inadondoka: kamchukua wa kwanza, kamla juu hukohuko. Wa pili. Alipomwendea wa tatu, bawa lake likampiga popo aliyekuwa amelala, na popo akajiachia, akafungua mabawa yake makubwa, akapita mbele ya uso wake.

Mkiwa akasahau zambarau.

Sijui nielezeje. Hakuna aliyemfundisha. Aligeuka ubavuni, akapita kati ya matawi mawili ambayo nisingepitisha mkono wangu, akatoweka, kisha akatokea juu ya mti kwenye mwanga wa jua la mwisho, na makuchani mwake kuna popo. Akamla angani, akizunguka, mabawa ya yule popo yakianguka chini moja moja. Miaka sabini na saba hakuna jicho la mtu lililoona hivyo. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru Bi Mize, nikaishukuru hata dhoruba iliyokwamisha kivuko, na bado shukrani ikabaki.

Kisha Mkiwa akashuka. Hakuja kwenye glavu yangu. Alitua juu ya ngazi, mkono mmoja na nusu kutoka usoni mwa Daktari, akajifuta mdomo kwenye ubao na kumtazama.

Daktari Zeyana alikuwa na machozi. Lakini mkono wake ulikuwa umeshafungua kisanduku kidogo cha fedha kilichokuwa kiunoni, na ndani yake nikaona sindano.

"Mnaona?" akasema. "Sisogei, naye hasogei. Ningekuwa na rungu je?"

"Daktari, kawinda," nikasema. "Umeona mwenyewe."

"Nimeona. Nitalikumbuka mpaka nife. Ndiyo maana sitaki awe wa mwisho mara ya pili." Akanigeukia. "Faki, usinitazame hivyo. Nimekuona kwenye ngazi, na nimeona vibaya. Lakini wewe una miaka kumi na minne toka uanguke, na wenzako walioanguka kabla sindano haijaja, wakarudi juu, wangapi wako hai?"

Nikawahesabu, sikutaka lakini nikawahesabu. "Wawili."

"Kati ya?"

"Watano."

"Basi niambie sindano ile ilikuwa ubaya."

Sikuweza. Ninapenda kuwa hai. Nakunywa chai asubuhi na nashukuru. Nilisimama pale na mguu wangu mbovu, mtu aliyeokolewa na kitu anachokichukia. Daktari akainua sindano kwenye mwanga, akaigonga kwa kidole, na Mkiwa akainamisha kichwa kuitazama inavyong'aa. Hakurudi nyuma hata unyoya.

"Daktari," Bi Mize akasema.

Alikuwa amekaa juu ya gogo muda wote ule, chungu kitupu mapajani.

"Naam, bibi."

"Lile kucha mlilomtolea huyu, mlilipata kwangu."

"Ndiyo, bibi. Tunakushukuru sana."

"Hukuniuliza lilifikaje kwangu." Akaweka chungu chini. "Nilikuwa na miaka mitatu, degedege likanishika. Enzi hizo malaria ilikuwapo. Watu wakasema degedege huletwa na ndege. Akipita juu ya paa kivuli chake kikamwangukia mtoto, mtoto anakakamaa. Na ndege kama huyu alikuwa akipita juu ya mapaa kila magharibi, anafuata popo. Babu yangu akachukua makumbi ya nazi na moto, akaja kwenye mvule. Alimkuta juu ya yai. Mpaka anakufa mzee yule alikuwa akisimulia: hakuruka, alinitazama tu. Kucha akanifunga mimi shingoni. Mama akanipeleka hospitali kwa siri, nikapewa dawa, nikapona. Sifa likapata kucha. Ilipokwisha malaria, degedege nalo likaondoka, na hakuna mtu wa Chambanga aliyekuja kwenye mti huu kuomba radhi."

Upepo ukapita mivuleni. Popo waliobaki walikuwa wanaamka.

"Bibi, pole," Daktari akasema taratibu. "Lakini hilo ndilo ninalosema mimi. Laiti angeogopa, angeruka."

"Sindano hii humshika mtu pia?"

"Humshika. Faki kapigwa."

"Na yaweza kumtia mtu woga wa kumdhuru ndege?"

Daktari akaitazama sindano. "Ikitengenezwa hivyo, yaweza."

Bi Mize akasimama kwa fimbo yake. Akaenda mpaka kwenye ngazi, akajiweka kati ya sindano na Mkiwa, akakunja mkono wa buibui mpaka juu ya kiwiko, na kuunyoosha, mweusi, mwembamba, una madoa ya zambarau mpaka kwenye kucha.

"Aliyeua ni sisi, na dawa apewe aliyeuawa? Tengeneza yetu, Daktari, uanze na mimi. Wa babu yangu tupo mia mbili hapa kisiwani, na ukimaliza kutupiga sindano sisi sote kabla ya mayai yale kupasuka, ndipo uje uniambie ndege ndiye hana akili."